Utosi wa Kambare

Nyumba ya mama mkwe wangu kule Buhinyuza, Muyinga, nchini Burundi, haikuwa na kisu chenye ncha hata kimoja. Siku niliyofika kutoka Tanzania, vumbi la njiani bado limenijaa masikioni, nilipewa kisu nimenye ndizi. Nikakigeuzageuza, nikadhani kimevunjika. Nikaomba kingine. Kikaja kingine, nacho kimeishia butu kama ulimi wa ng'ombe. Cha tatu hivyo hivyo. Nikacheka, nikamwambia mume wangu, "Jamani, kwenu visu vyote vimeng'olewa meno?" Hakucheka. Alinitupia jicho la kuninyamazisha, nami nikameza maneno yangu nikamenya ndizi.

Baadaye, tulipokuwa tunateka maji, ndipo aliponiambia. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yake, aliuawa kwa kisu wakati wa vita. Walipomaliza kumzika, mama alikusanya visu vyote vya nyumba, akakaa chini, akavisaga ncha juu ya jiwe kimoja kimoja. Tangu hapo kikinunuliwa kisu kipya sokoni hupitishwa kwanza kwenye jiwe lile, kisha ndiyo kiingie jikoni. Hakuna aliyembishia.

Mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na kukulia huko. Burundi niliijua kwa kusimuliwa, kama mtu anavyojua harusi ya wazazi wake. Mume wangu yeye alivuka akiwa kijana mkubwa, akamwacha mama yake nyuma kwa sababu mama alikataa katakata kuondoka kwenye kaburi la mwanawe. Basi amani iliporudi, na watu wakaanza kufunga virago na kurejea, mume wangu hakuwa na hotuba ndefu. Alisema, "Nakwenda kukaa na mama kabla hajafa." Ndiyo sababu pekee. Hatukuja kutafuta utajiri, na Mungu ni shahidi, hatukuupata.

Watu wa mlimani, maana kule kijiji huitwa mlima, walinicheka Kiswahili changu, wakasema huyu mukazana wa bibi anaongea kama redio. Mukazana ni mke wa mwana. Nami niliwacheka chao. Tulielewana.

Sasa nije kwenye vyombo vyangu, maana hadithi hii ni ya vyombo. Kambini nilifundishwa kuchoma kambare na mama mmoja jirani yetu, mwanamke mwenye mabega ya mpagazi na mdomo usiofungwa. Kiangazi kikiingia, maji ya bondeni yakipungua, kambare hujizika kwenye tope kati ya mizizi ya mafunjo. Humwoni. Unatembea polepole, tope magotini, unachoma na mkuki mwembamba mbele yako kama mtu anayepapasa funguo gizani, mpaka usikie mkono umejibiwa. Mkuki una kulabu ili asichomoke, na una kamba uliyojifunga kiunoni ili asikimbie nao. Mkononi tope, mguuni tope, na mnyama wa nguvu upande wa pili wa kamba. Ukimpata, kazi ndiyo inaanza: lazima umuue, na kambare hafi. Unaweza kumbeba kwenye gunia mpaka nyumbani, ukala chakula, ukazungumza na wageni, ukirudi bado anafungua mdomo.

Kwa hiyo nilikuwa na rungu la mti mgumu, na nilikuwa na kisu. Ah, kisu kile! Kirefu, makali pande mbili, ncha kali kama mwiba wa mchongoma. Nilikinunua kwa mwindaji mmoja mpakani, na kambini wanaume walikuwa wanakiomba wakishike tu. Nilikichagua kwa jinsi vijana wanavyochagua mke, kwa kumtazama. Hakuna aliyeniuliza kitanifanyia kazi gani, nami sikujiuliza. Nilikivaa kiunoni kwenye ala ya ngozi, nikajiona mtu.

Nikaingia nacho kwenye nyumba ya visu visivyo na ncha.

Nilikificha, msinione sina adabu. Nilikichomeka kwenye nyasi za paa la banda la mbuzi. Lakini mwaka ule tulifika tumechelewa kupanda. Maharage ya majirani yalikuwa yamechanua, sisi bado tunang'oa majani kwenye shamba lililolala. Mama alikuwa na akiba kidogo na vinywa viwili vipya. Na pale chini ya mlima, kwenye bonde linaloshuka kuelekea mto Ruvubu, kambare walikuwa wamelala kwenye tope bila mwenyewe. Watu wa pale walisema wananuka matope, hawakuwasumbua. Mimi nikasema, nanyi mnanuka moshi, mbona tunakaa pamoja? Nikashuka na mkuki.

Siku ya kwanza nilipata mmoja mnene, urefu wa mkono wangu. Nilimpandisha mlima ndani ya gunia, anagonga mgongo wangu njia nzima. Nikamtupa uani. Mama alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikainua rungu. La kwanza likateleza, likampiga taya. La pili likapiga ardhi. Kambare akatoa ule mlio wake, maana hulia, hasa ukimbana, mlio mfupi wa kukoroma. Akaruka, akajibiringisha vumbini, nikamfuata namtandika huku na huku, damu imenirukia usoni, mpaka hasira zikapanda nikakimbilia bandani nikachomoa kile kisu, nikamchoma, nikamchoma tena, na bado mkia unapiga.

Nilipoinua uso, mama alikuwa amesimama. Maharage yote yamemwagika. Hakunitazama mimi, alitazama mkono wangu.

"Mukazana," akasema kwa Kirundi, taratibu kabisa, "mimi siwezi."

Akaingia ndani, akatoka na mkeka wake na blanketi, akashuka kwa jirani, mjane mwenzake aliyekaa chini ya migomba yetu. Nikadhani ataenda, atapoa, atarudi jioni. Hakurudi jioni, wala kesho yake.

Mume wangu alikwenda kila siku kumbembeleza. Alirudi kila siku peke yake. Mama hakuwa na matusi wala masharti, alisema tu kwamba akifumba macho kwenye nyumba ile anasikia. Na mlima haukukawia kusema. Pale kisimani wanawake walinyamaza nilipofika. Mukazana wa Tanzania amemfukuza bibi kwenye nyumba yake mwenyewe! Loo! Mtu aliyevuka mpaka kwa ajili ya kukaa na mama yake, sasa amekaa na mke wake tu, na mama analala kwa watu.

"Acha samaki," mume wangu akaniambia.

"Nikiacha tule nini? Hewa?"

"Basi tule hewa."

Hakuwahi kusema nami hivyo. Nilimrushia maneno ambayo siyaandiki, kisha nikalia, kisha nikapika yale maharage machache. Tulikuwa tumenaswa: tukitaka kula ni lazima niue, na nikiua mama harudi. Na mama hakuwa kijana. Kila usiku aliolala kwa jirani ulikuwa usiku ambao tulivuka mpaka ili tuupate, nasi tukaukosa.

Mungu ana njia zake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alijifungua kule Gitega, nikatumwa kumtunza. Yeye alikuwa mpishi kwenye shule moja ya mtaa wa Mushasha, na chumba chake kilikuwa nyuma ya jiko la shule, kengele za kanisa zikitupigia juu ya kichwa. Nilipanda pikipiki hadi Muyinga mjini, kisha gari. Nilifika nimevimba uso kwa kilio na hasira, wifi akaniangalia akasema, "Weee, nani amezaa hapa, mimi au wewe?" Nilimpenda hapohapo.

Nilimweleza yote nikiwa nafua nguo za mtoto. Hakunilaumu. Aliniambia jambo ambalo hata mume wangu hakulijua vizuri, maana siku alipouawa mdogo wao hakuwepo nyumbani. Siku ile mama alikuwa amejificha kwenye mtama, karibu kabisa. Hakuona. Alisikia. Na alichosikia hajamwambia mtu yeyote, hata padri.

"Kwa hiyo siyo ncha," nikasema.

"Ncha ni kile anachoweza kukishika," akasema wifi. "Ule uchungu mwingine haushikiki, atausagia jiwe gani?"

Nikaacha kufua. Nilimwona yule kambare akijibiringisha uani, nikajiona mimi juu yake, nikaelewa mama aliona nini. Au tuseme aliona kile ambacho miaka yote alikuwa anajihadithia.

Kesho yake wifi alimfunga mtoto mgongoni, akaniambia tunakwenda kwa mhunzi. Alikuwa mzee Mwislamu wa mtaa wa wafanyabiashara, fundi wa visu, majembe na milango, kofia yake nyeupe imepauka kwa moshi. Alizaliwa kando ya ziwa kule Rumonge, baba yake mvuvi. Aliongea kile Kiswahili cha mjini cha Burundi ambacho mwanzoni kilinichekesha, na leo nikikisikia popote moyo wangu unalegea.

Nilimpa kisu changu, nilichoondoka nacho ili kisibaki kwenye nyumba ya mama. Akakitoa kwenye ala, akapiga mluzi.

"Mama, hii iko ya kuuwa mutu. Haiko ya samaki."

"Ni kikali sana," nikajitetea.

"Mi sijasema haikate. Mi nauliza, we unaingia mu matope na hii kiunoni? Ukianguka?" Akajipiga paja. "Inaingia hapa. Voilà, imekwisha, watoto wanalia."

Wifi akacheka mpaka mtoto akaamka. Mzee akaendelea, bila haraka, mvukuto ukipumua nyuma yake. Akaniuliza kamba ya mkuki nimeifunga wapi. Kiunoni, nikasema. Na samaki mkubwa akiizungusha kwenye mizizi, nawe umekwama, maji yanakuja? Akasema basi kisu cha mvuvi kazi yake ni hiyo, kumkatia mvuvi kamba, samaki hakimhusu. Kiwe kifupi, upande mmoja makali, mbele butu, na kikae kushoto ili mkono wa kulia ukifikie hata ukiwa umelala chali.

"Na samaki nimuue na nini? Rungu linateleza."

"Ah. Ile sasa iko kazi ingine, inataka chombo ingine. Mulete kichwa."

Tulikwenda sokoni tukanunua kichwa cha kambare, tukarudi. Mzee akakiosha, akakikausha kwa kitambaa, akachukua kidole changu gumba akakipitisha juu ya ule mfupa mgumu, nyuma ya macho, polepole. Mfupa, mfupa, mfupa. Kisha kidole kikazama.

"Unasikia?"

Nilisikia. Palikuwa na kishimo laini, kidogo, katikati ya fuvu. Nikageuka nikamtazama mtoto wa wifi mgongoni, kichwa chake chenye nywele laini, pale juu panapopumua. Utosi. Kambare, na ugumu wake wote, ana utosi.

"Baba alikuwa anasema, huyu Mungu amemwachia mlango," akasema mzee. "Ukipiga ukuta utapiga mpaka kesho. Pita kwa mlango. Mara moja, na ye hata hajue."

Alinitengenezea vyombo viwili. Kisu kifupi cha chuma cha springi ya gari, mbele kimekatwa butu. Na msumari, urefu wa kidole tu, umechomekwa kwenye mpini mnene wa mti wa kahawa unaojaa kiganjani, na kifuniko cha pembe cha kuziba ncha. Kile kisu changu kirefu nilimwachia. Aliuliza kama nina uhakika. Nikamwambia akifanye bawaba za mlango. Sikukililia, na mpaka leo sijawahi kukitamani.

Nilirudi Muyinga na vyombo vyangu nimevifungia ndani ya nepi kuukuu za mtoto, na hakuna mtu njiani aliyetaka kupekua nepi. Nilikaa karibu na dirisha, milima inapita, nikawa naomba. Sikuomba samaki. Niliomba mama alale nyumbani.

Nikaanza upya. Kisu kushoto. Msumari nikauvaa shingoni kwa kamba fupi, ndani ya blauzi, maana kiunoni ungezama kwenye tope. Na nikaweka sheria: hakuna samaki atakayepanda mlima akiwa hai. Nilimchoma, nikamvuta kwenye nyasi, nikambana kichwa kwa goti, nikamfunika macho kwa kiganja, nikatafuta utosi kwa gumba, nikatoa kifuniko, nikasukuma. Anatetemeka mara moja kutoka kichwani hadi mkiani, kisha analegea mkononi mwako kama kitambaa. Mara ya kwanza nilikaa pale kwenye nyasi namsubiri aruke. Hakuruka.

Nyumbani kukawa kimya. Sasa nilileta samaki kwenye kikapu kama mtu aliyetoka sokoni. Kila nilipopata, mmoja nilimpeleka kwa jirani, nikamweka mlangoni, nikasalimia, nikaondoka. Wa kwanza alirudishwa na yule mjane, ananionea aibu. Wa pili hakurudishwa. Wa tatu, mjane aliniambia kwamba mama alimshika, akamgeuza, akakitazama kichwa muda mrefu, akauliza, "Huyu amepigwa wapi?"

Siku chache baadaye, asubuhi jua likiwa bado dogo, niko bondeni na tope langu, nikasikia mchakacho kwenye mafunjo. Nikageuka. Mama mkwe wangu, na fimbo yake, kitenge amekipandisha magotini, anakuja juu ya nyasi za maji kama kuku anayeogopa umande. Yesu wangu! Nilitamani kuzama.

"Nimekuja kuona," akasema.

"Mama, siyo kitu cha kuona."

"Nimekuja kuona."

Nilikuwa tayari nimemchoma mmoja, kamba inavuta kiunoni. Singeweza kumwacha. Nikamvuta mpaka kwenye nyasi, na mama akaketi palepale, karibu, karibu kuliko nilivyotaka. Goti, kiganja, gumba. Nilipochomoa msumari shingoni nilimwona akiitazama ncha. Hakugeuza uso. Nikasukuma. Kambare akatetemeka mara moja, akatulia.

Bonde zima likawa kimya. Mama akanyoosha mkono, akamgusa ubavuni.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akapitisha kidole juu ya kichwa mpaka akafika palipo laini, akakiacha hapo.

"Amesikia?"

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Siku ile niliyaogopa yote. Nilimjibu habari za samaki, kwa sababu ndizo nilizozijua.

"Hapana, mama. Ikiingia mahali penyewe, hasikii. Kabla hajajua, imeisha."

Aliendelea kumgusa yule samaki. Kisha akaongea, akiyatazama maji, na sauti yake haikuwa ya kulia.

"Mwanangu aliita mara moja. Mara moja tu. Halafu sikusikia kitu. Nilikaa kwenye mtama mpaka jua likazama, sikusikia kitu. Miaka yote hii nasema walimziba mdomo. Nasema walimziba mdomo ili wamtese taratibu, na mimi niko pale." Akafuta kidole kwenye kitenge. "Sikuwahi kufikiri kwamba kimya kinaweza kuwa kimya tu."

Nilimshika mkono, tope langu lote likamwingia. Sikujua, wala sitajua, kilichotokea kwenye ule mtama, na sikumwambia kwamba najua. Aliniacha nimshike. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote alichowahi kunipa, na alikuja kunipa vingi: shamba la juu, jina la binti yangu wa kwanza, mapishi ya muhogo ambayo hampi mtu. Namshukuru yule mzee wa Gitega, aliyeshika gumba langu mimi mgeni akaliongoza. Namshukuru wifi. Lakini mkono ule kwanza.

Kisha akanyanyuka, akaegemea fimbo, akamwinua kambare kwa mkono wake mwenyewe na kumtia kikapuni. Akakishika kikapu. Nikasema mama kizito, lete. Akasema yeye si maiti. Akatangulia kupanda. Kwenye migomba njia inagawanyika, moja inakwenda kwa jirani, moja inakwenda kwetu, nikapunguza mwendo ili nisimsukume. Yeye hakusimama. Alipofika uani alimwita mwanawe kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, sauti ya mwenye nyumba, akamwambia ashuke kwa jirani akamletee mkeka wake.